Nazijua kwa Miguu

Wengine huja Edinburgh kutazama juu.
Mimi nalipwa kutazama chini.
Saa kumi na moja alfajiri: fagio, toroli, glovu za mpira,
na Murdo akikohoa mbele yangu
kama trekta lililolala nje na umande.
Ndiyo maana sanamu za mji huu nazijua kwa miguu.
Huyu ana viatu vya vifungo, yule kwato za farasi,
yule wa mwisho sina hakika kama ana uso.

Penye kanisa kuu, katika mawe ya njia,
upo moyo uliopangwa kwa mawe ya rangi.
Hapo palikuwa na jela.
Wenyeji wakipita huutemea mate, ptu,
wapate bahati, au wasirudi ndani; kila mtu na hadithi yake.
Anayeyaosha ni mimi.
Bahati yote ya mji imepita katika ndoo yangu
na bado sijapata zamu ya mchana.

Yuko na mbwa wa shaba. Pua inang'aa kama sufuria ya arusi.
Wageni huisugua. Wameombwa wasiisugue. Wanaisugua.
Siku ya kwanza nilimcheka.
Februari moja, barafu hadi kwenye kope,
nilivua glovu nikamshika pua.
Msiniulize.

Saa saba mchana mzinga hulia ngomeni.
Wao huiita saa moja.
Mlio ni ule ule, njiwa ni wale wale wanaotimka,
ila njaa yangu mimi ni ya saa saba.

Katika bustani ya mraba yupo bwana mmoja
juu ya nguzo ndefu, hata shakwe humfikia amechoka.
Miaka niliokota makopo chini yake bila kumjua.
Kisha wakabandika kibao. Nikaegemeza fagio, nikasoma.
Bunge lilipotaka kukomesha biashara ya watu
yeye alisimama akaongeza neno moja.
Polepole.
Neno letu kabisa! Tulilolishwa pamoja na uji:
polepole ndio mwendo.
Kumbe ndani ya polepole yake merikebu ziliendelea kujaa.
Siku ile nilifagia pembe tatu za nguzo.
Ya nne niliuachia upepo.

Lakini ninapopapenda ni kilimani Calton,
penye nguzo kumi na mbili zisizobeba kitu.
Walitaka jumba la kuwakumbuka askari wao,
mfano wa mahekalu ya Wayunani.
Wakaanza kwa hotuba na michango na mbwembwe.
Fedha zikaisha.
Karibu miaka mia mbili, na wapo wanaoliita aibu ya mji.
Nilipoziona mara ya kwanza nilicheka hadi nikakaa kwenye nyasi.
Ni nyumba yangu! Ile ya Muheza,
iliyoishia kwenye renta,
nondo zimechomoza kama nywele za mtoto aliyeamshwa,
mpapai umeota sebuleni,
na majirani wakipita husema, "Ya yule wa Ulaya."

Nikazipiga picha, nikamtumia fundi Semkiwa.
Unaona? nikaandika. Hata wao.
Na watu hupanda ndege kuja kuzitazama.
Alijibu baada ya siku mbili:
Nguzo nzuri. Lakini sioni nondo.
Walitaka kuendeleaje?

Sikuwa na jibu. Ukungu ulikuwa unapanda toka baharini,
ukazimeza moja moja; nilihesabu mpaka ya tano.
Murdo akapiga mluzi kutoka chini. Toroli.

Ijumaa nikilipwa nitatuma ya saruji.
Mifuko sita.
Saba, wakinipa zamu ya Jumapili.